Mashua Ndani ya Sanduku: Jinsi ya Kuunda Mashua Ndogo Nyumbani



Wengi wetu tunaoishi karibu na maji tumekua tukijua kwamba kuunda mashua ni kazi ya watu wachache. Mtoto huipata kwa baba, na baba aliipata kwa babu. Ukifika Matondoni katika kisiwa cha Lamu, utakuta mafundi wanaounda jahazi bila ramani ya karatasi. Kipimo kiko katika jicho na mkono. Ujuzi huo ni mali kubwa, nao hauji kwa mwezi mmoja wala kwa mwaka mmoja.

Je, mtu asiye fundi afanye nini? Mwalimu wa shule, kikundi cha vijana, familia iliyo na shamba ng'ambo ya maji? Iko njia. Katika nchi nyingine watu wa kawaida wamekuwa wakiunda mashua ndogo nyumbani kwa zaidi ya miaka sitini, kwa kutumia seti ya vipande vilivyokatwa tayari. Sanduku linafika mlangoni. Ndani yake mna mbao, gundi, waya na karatasi za maelezo. Baada ya miezi michache kinatoka chombo cha kuelea.

Tutaieleza njia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini kabla hatujaanza, shikeni neno hili moja: seti hukuondolea kazi ya kupima na kukata. Haikuondolei kazi ya kugundisha. Na katika mashua ya namna hii, gundi ndiyo mashua. Mwenye haraka akiharibu meza, chai itamwagika. Akiharibu mashua, mtu atakufa maji.

ILIANZIA WAPI?

Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilianza kuuza seti ya mashua ndogo ya tanga, nayo ikaitwa Mirror. Wakati ule kuendesha mashua kwa burudani kulikuwa mchezo wa wenye pesa. Gazeti lilitaka msomaji wake wa kawaida, karani au mfanyakazi wa kiwandani, naye awe na chombo chake. Umbo lilichorwa na Jack Holt, mtaalamu wa mashua. Njia ya kuiunganisha ililetwa na Barry Bucknell, bwana aliyekuwa akiwafundisha watu kwenye televisheni jinsi ya kutengeneza vitu vya nyumbani.

Bei yake ilikuwa pauni 63 na shilingi 11. Urefu wake ni mita 3.30, upana mita 1.39, na mwili wake una uzito wa kilo 45 hivi, yaani watu wawili wanaweza kuubeba. Mbele haina ncha kali kama mashua zetu, bali imekatwa bapa. Matanga yake ni mekundu. Tangu wakati huo zimeundwa zaidi ya 70,000.

Na msidhani ni mchezo wa kuelea kidimbwini tu. Mwaka 1997 mwalimu mmoja, A. J. Mackinnon, aliondoka magharibi mwa Uingereza na Mirror yake. Alipita mito na mifereji ya Ulaya, mahali pengine kwa tanga na mahali pengine kwa makasia, mpaka akatokea Bahari Nyeusi. Mbao zile zina unene wa milimita 5 hivi. Kumbe nguvu ya chombo haiko katika unene wa mbao peke yake. Iko katika jinsi mbao zilivyoshikana.

KUSHONA MASHUA SI JAMBO GENI KWETU

Njia yenyewe huitwa kushona na kugundisha. Vipande vya plaiwudi hutobolewa matundu madogo ukingoni, hufungwa pamoja kwa waya, kisha maungio hujazwa gundi na kufunikwa kwa utepe wa faibaglasi.

Ukimweleza mzee wa pwani kwamba Wazungu wanashona mashua, huenda akacheka. Babu zetu wa visiwa vya Lamu walishona mtepe kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, na mtepe ulisafiri mbali. Kule Uganda, Baganda nao walishona mbao za mitumbwi yao mikubwa ya Ziwa Victoria kwa nyuzi za mimea. Kwa hiyo wazo la kwamba uzi unaweza kushika mbao na kuzuia maji tulikuwa nalo zamani.

Lakini iko tofauti moja, na ni kubwa. Katika mtepe, kamba ndiyo iliyoshika chombo maisha yake yote. Ikioza, chombo hufumuka, na ndiyo sababu mitepe ilihitaji kushonwa upya mara kwa mara. Katika mashua ya seti, waya hushika kwa siku chache tu, kama vile mshonaji anavyopiga bandi kabla ya kupitisha nguo kwenye cherehani. Gundi ikishakauka, waya hutolewa au kukatwa. Kuanzia hapo kilichobaki kati ya watoto wako na maji ni gundi na faibaglasi.

KABLA YA KUTOA PESA

Kaeni chini mjiulize mambo manne.

Kwanza, mashua ni ya kazi gani? Mashua ya mita tatu ni ya watu wawili, watatu wakiwa wadogo. Inafaa kuvuka maji matulivu, kutega nyavu karibu na ufuo, au kuwafundisha vijana makasia na tanga. Haifai kwenda kuvua sangara usiku katikati ya ziwa, na haifai kubeba abiria. Anayetaka chombo cha kazi hizo amwone fundi wa mashua kubwa.

Pili, mtainunua seti nzima au ramani tu? Seti huuzwa Uingereza, Marekani na kwingineko, na siku hizi vipande hukatwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, hivyo huingiana sawasawa. Lakini sanduku hilo ni refu na zito. Ongezeni nauli ya meli, ushuru na gari la kutoka Mombasa, mkapige hesabu upya. Mara nyingi kikundi kitaona ni afadhali kununua ramani peke yake na kukata plaiwudi hapa hapa. Kazi inaongezeka kwa wiki kama mbili, nanyi mnajifunza zaidi. Msome masharti vizuri: kwa kawaida ramani moja humruhusu mtu kuunda mashua moja. Mkitaka kuunda za kuuza, mwandikieni mchoraji mkubaliane.

Tatu, mtaiundia wapi? Panahitajika paa, sakafu tambarare na upenyo wa hewa. Jua kali na mvua vyote ni adui wa gundi. Na mpime mlango! Mashua yenye upana wa mita 1.39 haitoki katika mlango wa sentimita 90, hata muiombe vipi. Ikilazwa ubavu pengine itapita, pengine haitapita. Pimeni kabla, msije mkabomoa ukuta.

Nne, ni nani atakayeimaliza? Hesabuni jioni na Jumamosi za miezi miwili au mitatu. Kikundi kikianza watu kumi na kuishia wawili, si ajabu. Afadhali watu wanne wenye zamu iliyoandikwa ukutani.

VIFAA

Plaiwudi. Hii ndiyo mahali pa kutoonea pesa uchungu. Inayotakiwa ni plaiwudi ya baharini, ambayo gundi iliyo kati ya tabaka zake haiyeyuki kwa maji na ndani haina mashimo. Nyingi hupigwa muhuri wa BS 1088, kipimo cha Uingereza. Lakini muhuri hata mlaghai anaweza kuupiga. Hivyo jaribuni wenyewe. Ombeni kipande cha ukubwa wa kiganja. Tazameni ukingo wake: mkiona nafasi tupu kati ya tabaka, achaneni nayo. Kisha kichemsheni katika sufuria kwa masaa matatu, mkianike kikauke, mkichemshe tena. Tabaka zikiachana, hiyo ni plaiwudi ya kutengenezea dari, si ya mashua. Kuni za masaa sita ni rahisi kuliko mashua nzima.

Gundi. Inayofaa zaidi ni epoksi. Huja katika makopo mawili: la gundi yenyewe na la dawa ya kuigandisha. Gundi ya poliesta, ile inayonuka sana na hutumiwa kutengeneza matangi, ni ya bei nafuu, na Mirror za kwanza zilitumia namna hiyo. Lakini haishiki mbao kama epoksi.

Faibaglasi. Utepe wa upana wa sentimita 7 hadi 10 kwa maungio yote. Wengine hufunika sakafu ya nje yote kwa kitambaa chake, na ni jambo jema pale ufuo una mawe.

Waya. Wa shaba nyekundu, laini, wa kukunjika kwa mkono. Waya wa ndani ya nyaya za umeme za zamani hufaa.

Zana. Keekee, msumeno wa meno madogo, randa, plaisi, msasa, brashi za bei rahisi, na jiriwa nyingi kadiri mnavyoweza kuazima. Ongezeni glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, na barakoa ya kuzuia vumbi. Hizi tatu si za hiari.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: kuunga urefu. Plaiwudi huja kwa urefu wa mita 2.44. Mashua ya mita 3.30 inadai viungwe vipande viwili. Katika seti, ncha huwa zimekatwa kwa meno yanayoumana. Wanaokata wenyewe hupiga randa ncha zote mbili ziwe na mteremko, kisha huzilaza moja juu ya nyingine na gundi katikati. Mteremko uwe na urefu wa mara nane ya unene wa ubao. Kwa ubao wa milimita 6, mteremko ni milimita 48. Weka karatasi ya plastiki chini na juu, weka mawe mazito, usiguse mpaka kesho yake.

Hatua ya pili: kutoboa. Laza ubao wa kulia juu ya ubao wa kushoto na utoboe yote miwili pamoja, ili matundu yawe sawa. Nafasi kati ya tundu na tundu ni sentimita 15 hivi. Mahali penye mkunjo mkali punguza hadi 8 au 10. Kutoka ukingoni acha sentimita moja kasoro.

Hatua ya tatu: kushona. Anza na mbao mbili za sakafu, kisha za ubavuni, kisha kuta za mbele, katikati na nyuma. Kata waya vipande vya urefu wa kidole, pitisha, sokota kwa nje. Usikaze. Kwanza zote ziwe legelege, kisha mzunguke mkikaza kidogo kidogo. Hapa ndipo watu hupiga vigelegele, maana kwa alasiri moja mbao bapa zimegeuka mashua. Furahini, lakini msiite majirani bado.

Hatua ya nne: kunyoosha. Hii ni hatua fupi, na ndiyo inayorukwa sana. Laza vijiti viwili vilivyonyooka juu ya mashua, kimoja mbele na kimoja nyuma. Simama nyuma, funga jicho moja, tazama. Vijiti vikilingana, mashua imenyooka. Kimoja kikipanda upande, mashua imejipinda. Pimeni pia kwa kamba kutoka pembe hadi pembe. Pande zote mbili zilingane. Wakati huu dawa ya mashua iliyopinda ni kulegeza waya tatu nne na kuweka kabari chini. Gundi ikishakauka, haina dawa. Itavutwa upande maisha yake yote.

Hatua ya tano: kutia gundi ndani. Changanya epoksi na unga laini wa mbao mpaka iwe kama uji mzito usiomwagika kijiko kikiinamishwa. Tia vidonge vidogo katika maungio, kati ya waya na waya. Acha ikauke usiku mzima. Kesho yake toa waya zote. Ukikuta waya umenaswa, upashe moto kwa pasi au kwa chuma cha kulehemu, utatoka. Sasa jaza maungio yote mfululizo, ufinyange kwa mgongo wa kijiko mpaka pembe iwe na mviringo mwanana. Juu yake, kabla haijakauka kabisa, laza utepe wa faibaglasi na uupake epoksi nyembamba mpaka weupe wake wote upotee. Palipobaki peupe pana hewa, na penye hewa hapana nguvu.

Hatua ya sita: kugeuza. Pindua mashua. Kwa randa na msasa fanya maungio ya nje yawe mviringo, maana faibaglasi haipendi kukunjwa kwenye pembe kali. Weka utepe, paka epoksi.

Hatua ya saba: mbavu za juu na viti. Ubao mwembamba mrefu hugundishwa ukingoni mwa mashua pande zote mbili, ndani na nje. Hapa ndipo jiriwa zote za kijiji hutakiwa. Kabla ya ubao huo, mashua hutikisika kama karatasi. Baada yake hukakamaa. Kisha viti, na chini ya viti vyumba vya hewa ambavyo tutavieleza.

Hatua ya nane: kupaka. Pakeni epoksi mara tatu, ndani na nje, na hasa kwenye kingo zilizokatwa, maana plaiwudi hunywa maji kwa kingo zake. Halafu rangi. Msiseme, "Epoksi inang'aa vizuri, tuiache hivyo." Jua huila epoksi. Isipofunikwa kwa rangi au vanishi yenye kinga ya jua, itakuwa ya manjano, itageuka unga, na kazi yenu itapeperuka.

TABIA ZA EPOKSI

Tumesema gundi ndiyo mashua, basi tujue tabia zake.

Inataka kipimo. Kila kampuni ina kipimo chake: nyingine sehemu mbili kwa moja, nyingine tano kwa moja. Soma kopo lako. Kuongeza dawa ili ikauke haraka ni kosa la wengi waliozoea poliesta. Epoksi haiko hivyo. Ukizidisha dawa, haikauki vizuri hata ungoje mwaka, na itabidi uikwangue yote.

Inataka kiasi kidogo kidogo. Inapoganda hutoa joto. Kikombe kilichojaa, katika joto la Mombasa au Kisumu, kinaweza kuchemka, kutoa moshi na kuunguza mkono kabla hujatumia nusu. Changanya kiasi cha kutosha dakika kumi na tano, kimimine katika sahani bapa ili joto litawanyike, na fanyeni kazi asubuhi mapema au jioni.

Inataka usafi. Ikikauka, nyingine huacha utando wa mafuta juu. Osha kwa maji na kisugulio, kausha, kisha piga msasa. Ukipaka tabaka jipya juu ya utando huo, litabanduka kama ganda la ndizi.

Inataka adabu. Si sumu ya kuua papo hapo, na ndiyo maana watu huidharau. Leo inakugusa mkononi, kesho inakugusa, hakuna neno. Siku moja mwili unakataa: upele, uvimbe wa macho, kuwashwa. Kuanzia hapo hutaweza tena kuikaribia. Vaa glavu kila mara. Ikikushika ngozini, osha kwa sabuni na maji, usitumie petroli wala tina, kwa sababu hizo huiingiza ndani zaidi. Vumbi lake la msasa usilivute. Watoto wasicheze karibu.

ISIZAME: HESABU YA KUOKOA MAISHA

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi lita moja ya hewa iliyofungiwa ndani ya mashua inashikilia karibu kilo moja isizame. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Chumba cha hewa chini ya kiti chenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kina 30 kina lita 120. Mirror imejengwa na vyumba vya namna hii, ili ikipinduka iendelee kuelea na watu wapate pa kushika. Chumba hicho lazima kisivuje hata tone, na kiwe na kifuniko cha kufungulia ili mkague ndani. Kama hamwezi kujenga vyumba, fungeni imara chini ya viti mitungi sita ya plastiki ya lita 20, iliyofungwa vifuniko barabara. Hesabu ni ile ile, lita 120.

Sasa mzigo. Mashua ya mita tatu na upana wa mita 1.2, kwa kuwa imepungua mbele na nyuma, hubeba kilo 25 hivi kwa kila sentimita inayozama. Chukua watu wanne wa kilo 70 na gunia la mahindi la kilo 90. Jumla ni kilo 370. Gawanya kwa 25: sentimita 15. Ongeza mbili za uzito wa mashua yenyewe. Kama ubavu una kimo cha sentimita 40, zimebaki 23 juu ya maji. Upana wa kiganja kilichonyooshwa! Na Ziwa Victoria si bwawa la samaki. Hubadilika kwa nusu saa, na wimbi lake halijali kwamba asubuhi palikuwa shwari. Watu wawili na mzigo mdogo, basi. Andikeni idadi hiyo kwa rangi ubavuni, ili hata shemeji akija na maneno matamu, asome mwenyewe.

Kabla ya safari ya kwanza, fanyeni majaribio mahali ambapo maji yanafika kiunoni. Iacheni ielee tupu kwa saa moja mtazame kama inavuja. Kisha ijazeni maji makusudi. Je, bado inaelea? Pindueni, mjifunze kuigeuza. Aliyefanya hivyo ufuoni mchana, hatachanganyikiwa siku ya dhoruba. Na kila anayepanda avae jaketi la kuokolea, avae kabisa, asilikalie kama mto. Liwepo na kopo la kutolea maji, limefungwa kwa kamba.

Mkitaka kuitumia kwa uvuvi au kazi yoyote ya kulipwa, fikeni kwanza kwa kamati ya BMU ya ufuo wenu, na muulize ofisi ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya kuhusu ukaguzi na leseni. Kuunda nyumbani hakukutoi chini ya sheria.

NA MAFUNDI WETU JE?

Wengine watauliza kama njia hii haitamnyang'anya fundi chakula chake. Tunaona kinyume. Mbao ndefu za mvule na mninga zimekuwa haba na ghali, na fundi anajua hilo kuliko sisi. Kwa chombo kidogo, karatasi tatu nne za plaiwudi zinatosha, na fundi aliyejua kukalafati kwa miaka thelathini atajifunza kufinyanga epoksi kwa asubuhi moja. Jicho lake ndilo litakaloona mashua imepinda kabla ya vijiti. Kikundi chenye busara kitamwita mwanzoni, kimlipe siku yake, nacho kitapata mambo ambayo hayamo katika karatasi ya maelezo.

Yeye naye atapata kitu. Mashua nyepesi ya kilo 45 haihitaji injini ya kuisukuma, kasia latosha. Mama anayevuka kwenda sokoni, shule inayotaka kuwafundisha watoto wa ziwani kuogelea na kujiokoa, hao ni wateja ambao hawakuweza kamwe kununua mashua kubwa.

Haraka haraka haina baraka. Mashua ya seti inaweza kuundwa na mtu yeyote mwenye subira, na isiundwe na mtu yeyote asiye nayo.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Hapa kwetu, ni kazi zipi zingefanywa na mashua ya watu wawili? Ni zipi tusizithubutu?
2. Tukiweka pamoja bei ya seti, nauli na ushuru, na upande mwingine bei ya ramani, plaiwudi na gundi, ni ipi tunayoiweza?
3. Ni fundi gani wa karibu tunayeweza kumwita, na tutamlipa nini?
4. Nani atakuwa na mamlaka ya kusema "Imejaa" mashua ikiwa ufuoni, na je, sisi wengine tutamtii?
5. Ni wangapi kati yetu wanaojua kuogelea? Tuanze na hilo kabla ya kununua ubao wa kwanza.